Jembe Huombwa, Halingojewi

Sifa na shukrani ni za Mungu Baba yetu, aliyenipa pumzi ya asubuhi ya leo na chai ya kuisindikiza, akaniachia na akili ya kukumbuka hata yale ambayo ningependa watu wengine wayasahau. Yeye hutufundisha kwa upole, na upole ukishindwa, hutufundisha kwa kuchekwa. Jina lake litukuzwe.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa na umri kama wako, lori la serikali lilitushusha vijana watatu katika kijiji kimoja upande wa Lukafu. Vumbi lilikuwa limetupaka mpaka kwenye kope. Dereva alitupa mizigo yetu chini, akatutakia heri, akaondoka haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Nakueleza habari hii kwa sababu nasikia vijana wengi wa Lubumbashi mnaitwa tena katika utumishi: unaitumikia nchi kwa muda, nchi inakulipia masomo. Juzi mjukuu wangu alinijia kutoka mtaa wa Hewa Bora, midomo ameivuta mbele kama bata. "Kambo," akaniambia, maana ndivyo wanavyotuita babu na bibi zao, "banataka kunituma mu pori! Miye! Nitafanya nini kule?" Nikamwambia, kaa chini kwanza, mama. Hilo swali lako, mimi nililijibu vibaya kabla hujazaliwa.

Mkataba wetu wa siku zile ulikuwa mwepesi kuelewa. Kijana alitoa mwaka mmoja kijijini: kulima shamba la pamoja, kufyatua matofali ya shule, kusaidia popote mikono ilipopungua. Mkaguzi kutoka mjini alipita mara mbili: mvua zikiwa katikati, ili kuwaondoa wasiofaa, na tena mwisho wa mwaka. Hakuleta mtihani wowote. Alisimama mbele ya watu wote, akamuuliza chifu: huyu ametumika? Chifu akikubali, masomo yako yanalipwa mpaka mwisho. Akikataa, unarudi kwenu na begi lako.

Kwangu mimi hakukuwa na njia nyingine. Nilitaka kuwa mwalimu. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, na nyumba yetu ilijaa watoto kama behewa la daraja la tatu. Siku niliyomaliza sekondari alinishika bega, akasema, "Mwanangu, miye nimekufikisha kwenye gare yangu ya mwisho. Kutoka hapa, panda treni ingine." Utumishi ule ndio uliokuwa treni. Nyingine haikuwapo.

Wenzangu wawili walikuwa Félicien na Odette. Félicien alikuwa mtoto wa kambi ya wachimba madini, kijana mzuri wa sura, shati lake limenyooka hata ndani ya lori, na ulimi wake ungeweza kumuuzia samaki maji. Odette alikuwa binti wa mama mmoja wa Kasai aliyeuza vitenge sokoni. Hakusema sana. Alitazama.

Tulipokelewa kama maaskofu. Chifu alitoka mwenyewe, watu wakapiga makofi, mikeka ikatandikwa. Mimi na Félicien tulipewa chumba kwa mjane mmoja, Mama Sebastiana, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele. Odette alipelekwa kwa dada yake chifu. Jioni ile tuliletewa bukari nyeupe, ndio ugali wetu, na kuku mzima. Kesho yake tuliletewa kuku mwingine.

"Bageni bangu, mulilala muzuri?" Mama Sebastiana aliuliza kila asubuhi.

"Muzuri kabisa, mama," tulijibu, na tulikuwa tukisema kweli.

Sasa hapa, mwanangu, uelewe namna tulivyolelewa, la sivyo utadhani tulikuwa wavivu tu. Tulikuwa wavivu, ndiyo, lakini si wavivu tu. Sisi tulikuwa watoto wa kambi na reli. Kwetu mtu hajitafutii kazi mwenyewe. Honi inalia, baba zetu wanaondoka, kapita, msimamizi wao, anawapanga, huyu anapewa nyundo, yule koleo, na anayeshika chombo ambacho hakupewa anafukuzwa. Kwa hiyo tulikaa barazani kwa Mama Sebastiana, miguu tumeinyoosha, tukingoja honi. Tulingoja kapita. Tuliujua pia usemi wa wakubwa kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tulijua basi kwamba jembe litakuja lenyewe, na kwa heshima.

Siku ya tatu ikaja. Jembe halikuja. Akaja kuku.

"Unaona?" Félicien alisema, akijifuta midomo. "Bado hawako tayari. Pengine wanatupangia kazi za ofisi."

Odette hakungoja kitu. Asubuhi ya kwanza kabisa tulimwona akipita na wanawake kuelekea shambani, kitenge kimefungwa kiunoni, jembe begani. Félicien alimwita kutoka barazani, "We Odette! Unakimbilia nini? Unatafuta bwana huku?"

Alisimama, akatutazama kwa namna ambayo mpaka leo naijua vizuri, maana ndiye niliyemwoa, kambo wa yule mjukuu wangu, na jicho lile halijazeeka. "Mutakauka hapo kama samaki wa chumvi," akasema, akaenda zake.

Tulicheka sana. Mtu aliyeshiba hucheka kwa urahisi.

Kila asubuhi Mama Sebastiana naye alipita mbele yetu kwenda shambani, na begani amebeba majembe matatu. Alipita polepole. Mara nyingine alisimama, akayashusha yote matatu chini, akajinyoosha mgongo, akatutazama, akasema, "Haya. Miye naenda."

"Uende muzuri, mama," tulisema.

Alipokwisha kupita nilimwambia Félicien, kwa mshangao wa kweli, "Mama huyu ana nguvu! Majembe matatu peke yake."

"Watu wa kijiji," Félicien alijibu. "Wanakula vizuri."

Usinicheke bado, mwanangu. Kicheko kiweke, kitahitajika mbele.

Kijiji nacho kilianza kutushangaa. Watoto walikuja kukaa mbele ya baraza kututazama, kama watu wanaotazama treni iliyoharibika. Mzee mmoja alimwuliza Mama Sebastiana, kwa sauti ya chini ambayo ilisikika mpaka mtoni, kama tulikuwa na ugonjwa. Mama mwingine alituletea mizizi chungu ya kuchemsha, akasema inarudisha nguvu kwa watu waliokaa sana mjini. Tuliinywa kwa adabu. Jumapili katekista alihubiri habari ya mtu asiyetaka kufanya kazi, kwamba asitazamie kula, na kanisa zima likageuka kututazama. Sisi tulitikisa vichwa kukubali. Tulipotoka, Félicien alisema, "Fundisho zuri. Lakini Mtume alisema asiye*taka*. Sisi tunataka. Ni kwamba hatujapewa."

Nilimwamini. Mungu anisamehe, niliona ni maelezo ya kitaalamu.

Walioelewa mapema zaidi ni kuku. Waliosalia uani walijifunza kukimbia kila Félicien alipokohoa. Na siku moja nilimwona Mama Sebastiana akitoka kwa jirani, kuku amemshika kwa miguu. Wake walikuwa wamekwisha. Alikuwa amekwenda kuomba wa jirani ili wageni wake wasilale bila kitoweo. Siku hiyo nilikula polepole. Lakini nilikula.

Mvua zilipofika katikati, lori likarudi, na mkaguzi ndani yake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani na subira. Watu walikusanyika mbele ya shule ambayo bado ilikuwa kuta nusu. Sisi wawili tulivaa mashati yetu meupe. Yalikuwa meupe kweli, maana hayakuwa yamekutana na kitu.

Mkaguzi alianza na Odette. Chifu akatingisha kichwa, akasema, "Huyu bibi mudogo iko mukali. Anagombana na bandugu yangu juu ya mbegu." Mkaguzi akatabasamu, akapita. Kisha akatuelekea sisi.

"Na hawa vijana wawili?"

Uso wa chifu uling'aa. Nilimwona, moyo ukatulia. Nikajisemea, asante Bwana, tumepita.

"Hawa!" alisema chifu. "Hawa ni bageni bazuri sana. Tangu bafike, hawakusumbua muntu. Banakula bila kuchagua, sahani inarudi safi. Banasalimia. Na hata siku moja, mukubwa, hawakugusa kintu chetu. Hata jembe moja!"

Watu walipiga makofi. Nami, mwanangu, nikainama kushukuru makofi yale.

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Chef, nauliza kuhusu kazi. Wamefanya kazi gani?"

"Kazi?" Chifu alishtuka. "Mugeni? Weye unaona siye hatuna adabu?"

Hapo ndipo Félicien, ambaye ulimi wake haukuwahi kumtupa, alisogea mbele. "Chef, mukubwa, siye hatukukatala kazi. Tulikuwa tunangoya. Hakuna muntu alitupatia jembe."

Chifu alimsogelea. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alizungumza taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba mguuni.

"Mutoto, hapa kwetu jembe halipewi mugeni. Ukimupa mugeni jembe umemwambia: nimekuchoka. Nani atasema neno kama lile kwa mutoto wa bantu? Mugeni akitaka kuwa muntu wa hapa, anaomba yeye mwenyewe. Asipoomba, tunamulisha, hata tukibaki na njaa, mpaka siku atarudia kwao. Tuliwangoyea. Mama Sebastiana alipita mbele yenu kila asubuhi na majembe matatu. Muliona ni ya nani, ile mbili ingine?"

Mwanangu, kama ulikiweka kile kicheko, sasa kitoe. Kijiji kizima kilicheka. Watoto walijitupa chini. Katekista alifunika uso kwa kitambaa. Mzee wa ile sauti ya chini aliuliza, "Kumbe hawakuwa wagonjwa?" na kicheko kikaanza upya. Nilitamani ardhi inifunike, lakini ardhi ya mahali pale hatukuwa na urafiki nayo, hatukuwahi kuichimba.

Mkaguzi peke yake hakucheka. Alisema, "Vijana, chukueni mizigo. Lori linarudi mjini leo. Masomo hayalipwi kwa kusafisha sahani."

Félicien alishusha pumzi, karibu afurahi. Alinong'ona, "Twende, ndugu. Miye na jembe, tutapatana wapi?" Akaenda kufunga begi. Na nikueleze mara moja ili usimhukumu: hakupotea. Alijiingiza katika biashara kule Mokambo mpakani, kuvusha bidhaa na maneno, na Mungu ambaye hana mlango mmoja alimfungulia wa kwake. Ni rafiki yangu mpaka leo.

Lakini mimi sikuwa na mlango mwingine. Nilimwona baba amesimama kwenye kituo chake cha mwisho, akiniona narudi kwa miguu juu ya reli. Nikamgeukia mkaguzi, nikapiga magoti, nikaanza kumsihi.

"Inuka," akasema. "Si mimi mwenye majembe."

Hata kuomba nilikuwa naomba mahali pasipo pake. Nikageuka na magoti yangu, shati jeupe na yote, nikavuka uwanja mpaka alipokuwa Mama Sebastiana. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya Kifaransa na ya sala. Yote yaliniruka. Nikasema tu, "Mama, naomba jembe."

Alinitazama. Kisha akasema kwa ile sauti ya kengele, ili asikie hata aliye ng'ambo ya mto, "Ee Mungu wangu! Na bega langu hili limeisha!"

Akaenda akaleta moja. Mkaguzi alimtazama chifu, chifu akatingisha kichwa kukubali. "Basi baki," mkaguzi aliniambia. "Nikirudi nitauliza upya. Na sitakuuliza wewe."

Kuanzia siku ile maisha yangu yaliharibika, au ndivyo nilivyodhani. Kuku hawakuja tena. Ilikuja bukari na sombe, majani ya muhogo, na kidogo. "Bageni bangu" halikusikika tena. Asubuhi nilipigiwa mlango kwa mpini. "Weye! Jua litakukuta umelala kama nyoka!" Siku ya kwanza shambani niling'oa kwa bidii mstari mzima, nikajipongeza, mpaka nikasikia ukelele nyuma yangu: "Weye kichwa-nguvu! Ile ni muhindi! Majani ndiyo hii umeacha!" Viganja vilifanya malengelenge, yakapasuka, yakafanya mengine. Matofali yangu yalitoka yameinama. Nilipewa mbuzi wa chifu niwachunge, mmoja akapotea, akapatikana ndani ya kanisa akila maua ya altare, na makosa ya mbuzi yule yote niliandikiwa mimi.

Nilivumilia, mwanangu, lakini nilikuwa na huzuni. Siku moja nikamlalamikia Odette tukiwa tunabeba maji. "Zamani walinisifu," nikasema. "Sasa kila mtu ananigombeza. Chifu atasema nini mwishoni?"

"Wanakugombeza nini?"

"Kila kitu! Mpaka namna ninavyoimba."

"Kuhusu kuimba wana haki," Odette akasema, akaharakisha mwendo.

Nilisali sana miezi ile. Nilimwomba Mungu alainishe ulimi wa chifu. Anajua kutunyima tunachoomba kwa ujinga, ndiyo maana namshukuru mpaka leo.

Mwisho wa mwaka lori likaja. Kuta za shule zilikuwa zimesimama, na paa lilifika nusu. Watu wakakusanyika. Odette alipita kama mara ya kwanza. Mkaguzi akanitazama, nadhani hakunitambua vizuri, maana shati lile halikuwa jeupe tena na aliyekuwa ndani yake alikuwa amekonda.

"Chef, na huyu?"

Uso wa chifu ulikunjamana.

"Huyu?" akasema. "Huyu amenichokesha! Mbuzi yangu alimuacha mpaka ikaingia mu kanisa. Matofali yake iko kama mikate ya juzi. Anaimba, imbwa banatoka mu kijiji. Mama Sebastiana anamugombeza tangu asubuhi mpaka jua linashuka, hakuna siku anapumuzika!"

"Kweli kabisa!" akaitikia Mama Sebastiana. "Na jembe langu alivunja mpini!"

Kila neno lilikuwa jiwe kifuani mwangu. Niliyaona masomo yangu yakienda, polepole, kama behewa la mwisho linalopotea kwenye kona. Nikafunga macho.

"Na sasa," chifu aliendelea, akinyoosha kidole kwa mkaguzi kana kwamba kosa ni lake, "munataka kumubeba, na paa ya shule haijaisha! Nani atamaliza? Munatutolea bantu yetu katikati ya kazi!"

Mkaguzi aliuliza kwa subira yake, "Chef, kwa hiyo ametumika, au hakutumika?"

Chifu alimtazama kama mtu anayeulizwa kama mvua ni maji.

"Mukubwa wa mujini," akasema, "ulishasikia wapi muntu anagombeza mugeni?"

Hapo mkaguzi alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akanishika mkono. Masomo yangu yakalipwa mpaka mwisho. Nilibaki wiki moja zaidi kumaliza paa, kwa sababu Mama Sebastiana alisema singeondoka hai bila kulimaliza.

Hiyo ndiyo habari yangu, mwanangu, na nasaha yake ni hii. Unapopelekwa mahali kutumika, usikae barazani kungoja honi. Wakarimu watakulisha, watakusifu, watakuita mgeni mzuri, na mwaka utaisha ukiwa umenenepa tu. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Kaa upande wa yule mmoja. Inuka mapema, mtafute mwenye jembe, umwombe kwa kinywa chako. Wala usidhani masomo unayolipiwa ni zawadi inayodondoka kutoka juu kama mvua. Kuna mtu mahali fulani ambaye amepunguza kuku wake ili wewe usome, na huenda hutalijua kamwe jina lake. Mheshimu kwa jasho.

Na watakapoanza kukugombeza, usinune. Siku za sifa tupu ndizo za kuogopa. Mtu huwafungia wageni ulimi na kuwafungulia wanawe. Ukisikia unafokewa kwa jina lako na kosa lako, ujue umeingizwa ndani ya nyumba. Hata Mungu, naona, wale anaowapenda huwanyoosha zaidi, na wala hawapi kuku kila jioni.

Basi wewe unayesoma haya, uwe Hewa Bora au Lukafu, uwe unakwenda au umekwisha kufika, Mwenyezi Mungu akutangulie njiani na akuache katika mikono ya watu wenye haki ya kukufokea. Akupe mgongo wa kazi, sikio la kuonywa, na moyo wa kucheka pale utakapojikwaa. Akubariki katika kutoka kwako na kurudi kwako, na wale utakaowatumikia wakukumbuke kama mtu wa kwao. Amina.